Aliyelipia Jukwaa Aliitaka Sauti

Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya ya akina mama, mwalimu wetu alitoa karatasi mbili kwenye bahasha akatuomba tukae. Kijana mmoja mwenye studio ya kurekodi mjini alikuwa tayari kugharimia igizo letu la Ruthu na Naomi. Angelipia ukumbi, mavazi, vipaza sauti, hata basi la kutupeleka sharika za jirani. Hakutaka hata senti moja ya kiingilio. Alichotaka ni kurekodi nyimbo zote 11 za igizo, na nyimbo hizo ziwe mali yake.

Akina mama walipiga vigelegele. Mimi sikupiga.

Mwaka 2004 nilikuwa muuguzi mchanga, stashahada yangu haijapata hata vumbi, nikiimba sauti ya pili katika kwaya nyingine. Mfanyabiashara wa kanda alikuja na karatasi kama hiyo. Tulisaini kwa furaha. Siku ya kurekodi tulipewa soda, mkate na kanda 20 za kugawana, nasi tulikuwa waimbaji 26. Miezi michache baadaye nilikuwa nikipanda daladala na kusikia sauti zetu zikiimba juu ya kelele za injini, nikaona fahari kweli kweli. Kisha mama mwenzetu aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza akalazwa kwa ugonjwa wa figo, katika wodi niliyokuwa nikifanya kazi. Michango yetu haikufika mbali. Tukawatuma wazee wawili wa kwaya kwa yule mfanyabiashara kuomba chochote kutokana na mauzo. Aliwapokea vizuri, akawakaribisha chai, akawaonyesha saini zetu. Sauti zilikwisha nunuliwa. Yule mama alifariki kabla ya Pasaka, na kanda yake iliendelea kuuzwa stendi.

Kwa hiyo, usomapo makala hii, usidhani ni mambo ya Wazungu niliyoyaokota kwa kukosa la kufanya. Katika zamu zangu za usiku nimesoma sana habari za makampuni ya santuri ya Marekani yaliyoingia katika biashara ya kugharimia tamthilia za nyimbo, nikitaka kujua jambo moja tu: mtu anayelipia jukwaa lakini hataki kiingilio, anatafuta nini?

Santuri iliyobeba mchezo mzima

Mama yangu alikuwa na gramafoni, na wasomaji wa umri wangu huenda wanazikumbuka zile santuri nzito zilizovunjika kama sahani. Upande mmoja uliimba kwa dakika tatu au nne tu. Mwaka 1943 kampuni ya Decca iliwarekodi waimbaji wenyewe wa tamthilia ya Oklahoma!, iliyokuwa ikichezwa Broadway, yaani kule kwenye majumba ya michezo ya New York. Ilibidi nyimbo zigawanywe kwenye santuri sita zilizofungwa pamoja kama kitabu cha picha. Watu wakanunua kwa wingi hata hivyo. Ndipo makampuni yakatambua kwamba mtu aliye mbali na New York, asiye na nauli wala tiketi, yuko tayari kulipa ili aisikie tamthilia ile akiwa nyumbani kwake.

Mwezi Juni 1948 kampuni ya Columbia ikatoa santuri ya aina mpya, nyepesi, inayozunguka polepole, ambayo upande wake mmoja uliweza kuimba kwa zaidi ya dakika 20. Sasa tamthilia nzima iliingia kwenye santuri moja. Mwaka uliofuata Columbia iliuza nyimbo za South Pacific kwa namna iliyowanyima wenzao usingizi. Hapo ukaanza ushindani mkali: kila tamthilia mpya ilipotangazwa, makampuni yalikwenda kubembeleza wapewe haki ya kuirekodi. Na njia ya uhakika ya kuipata haki hiyo, wakaona, ni kuwa wewe ndiye uliyetoa mtaji.

Waliolipa kila kitu wakamkosa mwimbaji

Kampuni ya RCA Victor ndiyo iliyojitosa kwa kishindo mwaka 1950. Ilitoa dola 225,000, gharama yote ya kuitayarisha tamthilia ya Call Me Madam, yenye nyimbo za Irving Berlin. Hadithi yake ni ya mama mmoja tajiri anayefanywa balozi katika nchi ndogo ya Ulaya. Sehemu ya mama huyo ilichezwa na Ethel Merman, mwanamke mwenye watoto wawili na sauti iliyofika viti vya nyuma kabisa bila kipaza sauti. Watu walikuja kumsikia yeye.

Sasa sikiliza mama. RCA wamelipia mbao za jukwaa, mavazi, mishahara na taa. Wanakwenda kurekodi, wanaambiwa Merman haruhusiwi. Alikuwa na mkataba na Decca! Sauti yake ilikwisha kufungwa kwa kampuni nyingine kabla fedha za RCA hazijatoka mfukoni, na Decca hawakukubali kumwachia.

RCA wakafanya walichoweza. Waliwarekodi waigizaji wengine wote, na mahali pa Merman wakamweka Dinah Shore, mwimbaji mzuri, mpole wa sauti, ambaye hakuwamo katika tamthilia ile. Decca nao wakamchukua Merman wao, wakamtafutia waimbaji wengine wa kuimba naye nyimbo zilezile. Madukani zikawepo santuri mbili za mchezo mmoja: moja ina kundi lote halina mama mwenye nyumba, nyingine ina mama mwenye nyumba peke yake na wageni. Wanunuzi walimfuata mama. Tamthilia yenyewe ilichezwa mara 644, kwa hiyo RCA hawakutoka mikono mitupu. Lakini kile hasa walichokiingilia kwenye biashara ile, yaani santuri, kiliwaponyoka kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyeiuliza mapema.

Niliposoma habari hii zamu ya usiku nilicheka peke yangu hadi mgonjwa mmoja akaniuliza kulikoni.

Binti muuza maua

Columbia hawakurudia kosa hilo. Mkuu wa mambo ya muziki pale alikuwa Goddard Lieberson, mzaliwa wa Uingereza, mtunzi wa muziki aliyesomea kazi hiyo, aliyeingia Columbia mwaka 1939 na kupanda ngazi hadi kuwa rais wa kampuni mwaka 1956. Columbia ilikuwa mali ya CBS, shirika kubwa la redio na televisheni lililoongozwa na William Paley. Mwandishi Alan Jay Lerner na mtunzi Frederick Loewe walikuwa wakitafuta fedha kwa ajili ya tamthilia iliyotokana na mchezo wa George Bernard Shaw uitwao Pygmalion, habari za Eliza Doolittle, binti muuza maua wa London anayefundishwa na profesa kuongea kama mwanamke wa tabaka la juu. Wengi waliona kazi hiyo haiwezekani. Hata Rodgers na Hammerstein, mabingwa wa tamthilia za nyimbo, waliwahi kuijaribu wakaiacha.

CBS ikatoa mtaji wote, zaidi ya dola 350,000, ikaahidiwa asilimia 40 ya faida pamoja na haki ya santuri kwa Columbia. Tamthilia ikaitwa My Fair Lady.

Eliza alikuwa Julie Andrews, binti wa Kiingereza aliyekuwa na miaka 20. Katika mazoezi alionekana wazi kuwa anaimba vizuri kupita kiasi lakini hajui kuigiza. Rex Harrison, aliyecheza profesa, alikuwa mwigizaji mzoefu asiyejua kuimba, naye hakuficha kwamba amechoshwa na huyu mtoto. Mwongozaji, Moss Hart, angeweza kumrudisha nyumbani. Badala yake aliwapa wengine wote mapumziko ya siku mbili, akabaki na yule binti ukumbini, sehemu baada ya sehemu, neno baada ya neno, akimkaripia na kumtia moyo. Jumatatu waliporudi wakamkuta Eliza. Andrews mwenyewe amesimulia habari hizo mara nyingi bila kinyongo. Mimi nimewafundisha wanafunzi wa uuguzi wodini, na najua ilivyo rahisi kumwandikia mtu kwamba hafai kuliko kukaa naye siku mbili.

Harrison naye aliaibika kwa zamu yake. Februari 1956, usiku wa kwanza wa majaribio katika mji wa New Haven, yeye mwenye maneno mengi aliingiwa na hofu ya kuimba mbele ya bendi kubwa, akajifungia chumbani akasema hatoki. Ilibidi abembelezwe hadi karibu na saa ya kufungua pazia. Alipotoka, alifanya alivyozoea baadaye, yaani kuzisema nyimbo kwa mapigo badala ya kuziimba, na watu wakampenda hivyo hivyo.

Kanisa lililokuwa studio, ukumbi uliokuwa kanisa

My Fair Lady ilifunguliwa New York tarehe 15 Machi 1956, katika ukumbi wa Mark Hellinger. Siku kumi baadaye, Jumapili tarehe 25, waigizaji wote walichukuliwa kwenda kurekodi. Studio ya Columbia katika barabara ya 30 ilikuwa jengo la kanisa la zamani, na wanamuziki waliiita hivyo tu, Kanisa. Dari lilikuwa juu sana na sakafu ya mbao, na wakubwa wa pale walikataza kubadilisha chochote wasije wakaharibu mwangwi wake. Wanakwaya mtanielewa. Kuna makanisa ambayo ukiimba noti moja jengo lenyewe linakusaidia kuibeba, na mengine ambayo ukipaka rangi na kuweka dari la chini, sauti inakufa mdomoni.

Mambo yamepinduka baadaye kwa namna ya kushangaza. Lile kanisa lililogeuzwa studio lilibomolewa miaka ya 1980. Na ule ukumbi wa Mark Hellinger ulikodishwa mwaka 1989 kwa kanisa la Times Square, lililoanzishwa na mchungaji David Wilkerson, na mwaka 1991 kanisa likaununua kabisa. Watu sasa wanasali chini ya dari lile lenye nakshi za dhahabu, jukwaani pale pale Eliza alipovaa gauni lake la dansi.

Tuirudie siku ile ya kurekodi. Walimaliza kazi yote kwa siku moja. Kabla ya katikati ya Aprili santuri ilikuwa madukani. Ilifika namba moja Marekani, na kwa miaka mingi iliyofuata haikutoka katika orodha ya santuri zilizouzwa sana. Zilinunuliwa kwa mamilioni. Lieberson hakurekodi tamthilia kama mtu anayepiga picha. Alipanga upya: akaondoa maongezi, akafupisha muziki wa ngoma, ili anayesikiliza jikoni bila kuona chochote aifuate hadithi. Aliyesikia santuri alitamani tiketi, na aliyetoka ukumbini alinunua santuri. Mchezo ule ulichezwa mara 2,717, hadi Septemba 1962. Na CBS walikuwa na televisheni pia. Machi 1957, wakati Andrews bado ni Eliza kila usiku, walimweka kwenye televisheni yao katika Cinderella ya Rodgers na Hammerstein, na nyimbo zake zikatolewa na nani? Columbia.

Hapa ndipo nilipopata jibu la swali langu. Viti vya ukumbi vina hesabu, na mlango ukifungwa biashara ya siku ile imekwisha. Santuri haina viti. Inaendelea kuuzwa waimbaji wakiwa wamelala, wameacha kazi, wamezeeka au wamekufa. Asiyetaka kiingilio si mjinga wala si lazima awe mkarimu.

Nani atacheza Eliza?

Mwaka 1962 mwenye studio ya sinema, Jack Warner, alinunua haki ya kuitengeneza filamu kwa dola milioni 5.5, fedha ambazo wakati huo zilikuwa za kutisha. CBS walikuwa na akili ya kuandika mkatabani kwamba filamu ile irudi kwao miaka saba baada ya kutolewa. Aliyesaini kwa niaba yao alijua kuhesabu miaka. Santuri ya filamu nayo ikaenda Columbia.

Lakini katika mambo hayo yote ya mamilioni, Julie Andrews, aliyembeba Eliza zaidi ya miaka mitatu New York na London, maonyesho manane kwa wiki, hakuwa na mahali. Warner alitaka uso unaojulikana kwa wapenda sinema, akamchukua Audrey Hepburn. Hepburn alijifunza nyimbo kwa bidii, lakini nyingi zilikuja kuimbwa na mwanamke mwingine, Marni Nixon, ambaye jina lake halikuandikwa hata kwenye filamu. Tafakari hapo: mmoja alimjenga Eliza, wa pili akaonekana, wa tatu akaimba. Andrews alikwenda kucheza Mary Poppins, na katika tuzo za Oscar za Aprili 1965 yeye ndiye aliyeitwa mwigizaji bora wa kike, wakati Hepburn hakuwamo hata kwenye orodha ya walioshindanishwa. Watu wengi huiona habari hiyo kuwa ya kufurahisha. Mimi nilibaki namfikiria Marni Nixon.

CBS iliweka tena fedha zake kwa kundi lilelile katika Camelot, iliyofunguliwa Desemba 1960. Safari hii gharama haikuwa ya fedha tu. Wakati wa majaribio huko Toronto, Lerner alilazwa akitokwa damu kwa vidonda vya tumbo, na alipopata nafuu Moss Hart akapatwa na shambulio la moyo. Mchezo ulikuwa mrefu mno, daktari wake yuko kitandani. Ulinusurika kwa televisheni: waigizaji walipoonyeshwa kwenye kipindi cha Ed Sullivan cha CBS mwaka 1961, asubuhi yake watu walipanga foleni kununua tiketi, na santuri ya Columbia ikafika namba moja nayo. Hart alifariki mwezi Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 57. Hesabu za kampuni hazina mahali pa kuandika vidonda vya tumbo.

Kuhusu sauti ya Andrews, mtaniruhusu niseme kama muuguzi. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya koo, isiyozidi urefu wa ukucha wa kidole gumba kwa mwanamke, nayo hugongana mamia ya mara kwa sekunde moja tu ya kuimba. Ikitumika mno bila kupumzishwa huvimba na kuota vinundu. Mwaka 1997, baada ya kuimba kwa muda mrefu katika Victor/Victoria jukwaani Broadway, Andrews alifanyiwa upasuaji wa koo akiwa na miaka 61. Hakuweza tena kuimba kama zamani. Alifungua kesi, ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2000. Ile sauti ya binti wa miaka 20, iliyotolewa Jumapili moja ndani ya kanisa la zamani, inauzwa mpaka leo. Mwenyewe hana tena. Waimbaji wa kwaya mnaosemesha watoto kwa kelele mchana kutwa, kisha jioni mnaimba na homa ya koo, nawaomba mnywe maji na mnyamaze kidogo.

Akiba ya familia ya Gordy

Baada ya CBS, mchezo huu wa kampuni za muziki kugharimia majukwaa ulipungua, kwa kuwa kufikia mwisho wa miaka ya 1960 vijana walikuwa wakinunua muziki wa aina nyingine. Lakini mmoja aliyejaribu ananivutia kuliko wote, kwa sababu alianzia mahali tunapopajua akina mama.

Familia ya Gordy ya Detroit, Wamarekani weusi, ilikuwa na mfuko wa akiba wa wanafamilia, kila mmoja akitia kidogo kidogo. Wenye VICOBA mmekwisha elewa. Mama yao, Bertha Gordy, alikuwa mfanyabiashara na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya bima. Januari 1959 mwanawe Berry, mwenye miaka 29, aliyekuwa amekwisha filisika duka la santuri, alikuja kuomba dola 800 aanzishe kampuni ya muziki. Ilipaswa wote wakubali. Dada yake Esther alimhoji bila huruma kuhusu alichokifanya na maisha yake hadi siku ile. Mwisho wakampa, lakini akatia saini deni, ndugu wa damu na ndugu wa damu. Kampuni hiyo ikawa Motown. Esther yule yule akaja kuwa makamu wa rais wake, na ndiye aliyeanzisha makumbusho yake mwaka 1985.

Motown nayo ilikuwa na Eliza zake. Mwaka 1964 iliajiri mwalimu, Maxine Powell, kuwafundisha wasichana waliotoka nyumba za kupanga za Detroit jinsi ya kuketi, kutembea na kuongea, akiwaambia kwamba anawaandaa kuimba mbele ya wafalme na marais. Kuna wanaosema ni kuwavua utu wao. Waliofundishwa naye wengi walimshukuru hadi alipofariki mwaka 2013 akiwa na miaka 98.

Mwaka 1972 Motown ilitia fedha katika tamthilia ya Pippin ya Stephen Schwartz, habari za kijana, mwana wa mfalme Charlemagne, anayetafuta maana ya maisha yake. Niseme wazi kwamba si mchezo wa kwenda nao watoto. Motown walitoa santuri ya waigizaji, kisha wakawapa nyimbo za jukwaani wanamuziki wao wenyewe. The Jackson 5 waliimba mmoja, Michael akiwa na miaka 14, The Supremes wakaimba mwingine. Hivyo redio zilikuwa zikiitangaza tamthilia bila kulipwa. Pippin pia ilitengenezewa tangazo la dakika moja la televisheni lenye kuonyesha ngoma ya jukwaani yenyewe, jambo ambalo lilikuwa jipya kabisa, na ikachezwa mara 1,944 hadi Juni 1977.

Berry Gordy alirudi Broadway mwaka 2013, akiwa na miaka 83, safari hii kwa tamthilia ya maisha yake mwenyewe, Motown: The Musical. Aliiandika mwenyewe na alikuwa miongoni mwa waigharimiaji. Nyimbo zilikuwapo tayari.

Karatasi mbili

Wiki mbili baada ya ile Jumamosi ya vigelegele tulikutana tena. Sikutoa hotuba. Niliuliza kwanza kama kuna mama yeyote kati yetu aliyewahi kusaini kwa mtu mwingine. Kimya. Kisha mama anayeimba sehemu ya Naomi, ambaye bila yeye hatuna igizo, akainua mkono taratibu. Mwaka jana alirekodi nyimbo zake sita kwa mtu mwingine, na karatasi aliyosaini ameihifadhi chini ya godoro, hajawahi kuisoma yote. Tukamwimbia Dinah Shore wa watu, maana nilikuwa nimekwisha wasimulia, na kicheko kile kilisaidia kuliko hotuba. Akaileta siku iliyofuata. Ilimfunga miaka mitatu.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiye aliyesoma karatasi za kijana wa studio mstari kwa mstari. Hazikuwa na mwaka wa mwisho. Hazikutaja asilimia. Zilisema nyimbo zitakuwa zake katika kila njia iliyopo na itakayobuniwa, na mwalimu wa kwaya aliyetunga saba kati ya zile 11 hakutajwa popote. Mama mchungaji aliuliza kama hatukosi shukrani kwa mtu anayetaka kutusaidia. Ni swali la haki, na tulilijadili kwa muda mrefu kuliko mengine. Mwisho tulikubaliana kwamba anayetusaidia atapenda tuandikiane vizuri.

Tulimrudishia karatasi zake na ya kwetu moja juu. Haki za nyimbo zirudi kwa kwaya baada ya miaka saba. Mwalimu nilimwambia nimeikopa kwa CBS. Sehemu ya mauzo iingie kwenye mfuko wa matibabu wa wanakwaya kila baada ya miezi sita, kwa hesabu iliyoandikwa. Mtunzi na waimbaji watajwe majina, hata kama igizo litachezwa na watu wengine. Na asirekodi chochote mpaka aliyemfunga Naomi aandike kwamba anamruhusu.

Kijana alisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakukasirika. Alisema shangazi zake hawajawahi kumwandikia barua ndefu namna hii, na kwamba atazungumza na mwenzake wanayemiliki naye studio. Tunamngoja. Wakati huohuo tumechanga, mashine mbili za cherehani ziko nyumbani kwangu, na vazi la Naomi limekwisha shonwa, limebaki pindo tu.